Ijumaa za Donakha

Agosti ya mwaka 2013, joto la Riyadh likiwa limekaa juu ya lami kama sufuria mekoni, Elkanah Mukhwana alitumwa uwanja wa ndege kumpokea mwalimu mpya. Alikuwa dereva wa kampuni ya mabasi iliyobeba walimu na wauguzi wa kigeni, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu Saudia. Kazi ya kupokea wageni aliipenda kwa sababu ndani ya ukumbi kulikuwa na baridi. Mkononi alishika ubao wenye jina DONNCHA.

Solomon, dereva mwenzake waliyeishi naye chumba kimoja mtaa wa Al-Suwaidi, aliusoma ubao ule akakunja uso.

"Hii ni jina ama ni ugonjwa?"

Hata Elkanah hakujua litamkwe vipi. Kabla hajajibu, mlango wa forodha ulifunguka na askari mmoja akatoa kichwa nje, akauliza kwa sauti ni nani aliyekuja kumchukua Mwairishi. Elkanah akainua ubao. Akaitwa ndani.

Juu ya meza palikuwa na mfuko mrefu uliofunguliwa, na ndani yake fimbo kadhaa za mti mweupe, kila moja imebapa upande wa chini kama mwiko wa kusongea ugali wa matanga. Kando ya meza alisimama kijana mrefu mwembamba, masikio yamewiva kwa aibu.

"Nini hii?" askari akauliza.

Elkanah hakuwa na habari ilikuwa nini. Lakini aliona mpira mdogo wa ngozi, mweupe, wenye mishono iliyoinuka, na moyo wake ukaruka kidogo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika fimbo ya hoki miaka mingi. "Kora," akasema kwa Kiarabu chake cha barabarani, yaani mpira. "Kora ya fimbo."

Askari hakuridhika. Basi yule kijana akachukua fimbo moja, akauweka mpira juu ya ule ubapa, akaanza kuudundisha taratibu, kisha haraka, kisha akazunguka mzima bila mpira kuanguka. Maaskari wengine wakasogea. Mkubwa wao akaomba ajaribu. Mpira ukamtoka na kubingirika hadi chini ya mashine ya kukagulia mizigo, na ukumbi wote ukacheka, pamoja na yeye mwenyewe.

"Halas, yalla," akasema, akawafukuza kwa mkono.

Nje, kijana alijitambulisha. Jina lake lilitamkwa Donakha, na ile sauti ya katikati ilitoka kooni. Elkanah akalirudia palepale, kama alivyolisikia. Kijana akasimama na mkokoteni wake.

"Hakuna mtu nje ya Ayalandi aliyewahi kulisema vizuri mara ya kwanza."

"Mimi ni Mbukusu, mwalimu," Elkanah akamjibu. "Bila hiyo kh hata jina langu halitoki."

Njiani walizungumza. Donakha alikuwa na miaka ishirini na miwili, amemaliza tu chuo cha ualimu wa michezo. Kwao kazi zilikuwa zimekauka, na darasa lake lote lilikuwa limetawanyika: huyu Sydney, yule Dubai, mwingine London. Mawakala walikuja chuoni wakiwa na picha za shule za Riyadh zenye bwawa la kuogelea. Elkanah alicheka. Yeye mawakala wake aliwakuta Nairobi, na picha zao zilikuwa za magari mapya.

"Na hizi fimbo?" akauliza.

"Mama ndiye aliyezifunga. Mimi nilikuwa nimeshaacha." Kijana akatazama nje, kwenye majengo ya rangi ya mchanga. "Tuseme niliachwa. Timu ya vijana ya kaunti yetu ilichagua majina, langu halikuwamo."

Elkanah alielewa. Mchezo wao uliitwa hurling, ndivyo alivyoambiwa, na kwao kuchezea kaunti ndiyo heshima ambayo mtoto huanza kuiota kabla ya kuota meno ya pili. Hawalipwi. Mchezaji hubaki mwalimu, au mkulima, au fundi wa umeme, na Jumapili hucheza mbele ya umati uliojaza uwanja. Elkanah naye alikuwa kipa wa hoki katika sekondari moja karibu na Kimilili, kisha akachezea klabu ya Nakuru msimu mmoja. Halafu akaoa, akapata kazi ya kuendesha lori, na vile vifaa vya kipa vikabaki kwa mjomba wake hadi panya walipovila. Hakumwambia Donakha habari za panya. Alimwambia tu, "Mimi pia nilikuwa nacheza."

*

Waairishi wa Riyadh walikuwa na timu. Elkanah alijua hilo kabla ya Donakha, kwa kuwa kila Ijumaa asubuhi alichukua wauguzi mbele ya makazi ya hospitali na kuwapeleka kwenye kampaundi moja upande wa mashariki, ambako ndani ya ukuta mrefu palikuwa na kipande cha nyasi. Wanawake hawakuruhusiwa kuendesha gari wakati huo, kwa hiyo basi la Elkanah ndilo lililobeba nusu ya timu. Wakifika, wao walishuka na fimbo zao, naye alibaki kwenye kiti, kiyoyozi kikipuliza, akiongea kwa simu na mkewe Jerioth hadi waliporudi wamelowa jasho.

Kiongozi wao alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, Sista Gráinne, mwanamke mfupi wa mabega mapana ambaye Elkanah alimwita Sista Grania na yeye akaitika. Ijumaa moja mwezi wa Oktoba aligonga dirisha la basi.

"Elkanah. Donakha ananiambia wewe ni kipa."

"Nilikuwa, Sista. Zamani. Na mchezo mwingine."

"Kipa wetu mkataba wake umekwisha, amerudi kwao. Shuka."

Akashuka. Alivishwa helmeti yenye wavu usoni, akapewa fimbo, akasimamishwa katikati ya milingoti miwili mirefu yenye mwamba, kama ya raga. Alielezwa haraka: mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia chini yake ni goli, sawa na pointi tatu. Kazi yake ni chini. Mpira wa kwanza Donakha aliupiga kwa upole, naye akauzuia kwa mguu, kwa mazoea ya hoki. Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Kwenye hoki kipa huvaa magodoro miguuni, hapa alikuwa na suruali ya kazi. Wa pili ulikuja angani kifuani. Wa tatu aliudaka kwa mkono mtupu, na kabla hajafikiri alikuwa ameurusha juu na kuupiga kwa fimbo, ukaenda mbali, mbali kabisa, ukavuka ukuta wa kampaundi na kutua barabarani.

Kila mtu aliufuata kwa macho. Kisha Sista Grania akaanza kupiga makofi.

Jioni ile chumbani Al-Suwaidi, Solomon alimkuta ameketi kitandani, ubavu wake una alama nyekundu ya mviringo, hata mishono ya mpira inaonekana. Ile fimbo Waairishi waliiita kwa jina ambalo masikioni mwa Mkenya lilikuwa "hali", na Solomon hakuliacha lipite.

"Hali yako ni gani, buda?"

"Imepasuka kidogo kwa ncha. Donakha ataifunga na bati."

Solomon alicheka hadi akakaa chini. Kuanzia hapo ikawa salamu yao, na Wakenya wote wa jengo lile walimwuliza Elkanah habari za hali yake kila alipopita kwenye ngazi.

*

Wakati wa jioni baada ya madarasa, shuleni kwa Donakha uwanja ulikuwa mtupu. Elkanah akimaliza kuwashusha walimu alirudi, akaegesha basi kivulini, na wakafanya mazoezi wawili tu hadi adhana ya magharibi. Mwanzoni Donakha alisema ni kwa ajili ya kumfundisha kipa. Lakini baada ya wiki chache Elkanah aliona kijana hafundishi tena. Alikuwa akipiga mipigo ya adhabu: mpira umewekwa chini, unainuliwa kwa ncha ya fimbo, unapigwa ungali hewani, juu ya mwamba. Alipiga kutoka kila upande wa uwanja, na kila alipokosa alirudi mahali palepale.

Kutoka mbali alikuwa hatari. Karibu, mahali ambapo hata Elkanah angeweza kufunga, mpira ulimtoka pembeni.

Siku moja Elkanah alimwambia, "Mwalimu, hizi za karibu unazipiga kama mtu anayeomba ruhusa."

Donakha aliokota mipira, akaijaza kwenye ndoo, akapiga tena hadi giza likaingia. Kesho yake alipokutana na Elkanah mlangoni mwa basi alisema, "Umesema kweli. Naomba ruhusa." Wakaendelea hivyo majira yote ya baridi, mmoja akipiga, mmoja akirudisha, na hapakuwa na siri yoyote zaidi ya kurudia.

Wakati mwingine Donakha alikuja Al-Suwaidi kula. Solomon alisonga ugali kwenye jiko la gesi lililowekwa sakafuni, na Mwairishi yule alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, magoti yamefika kwenye masikio, akila sukuma wiki kwa mkono na kuwasimulia jinsi bibi yake alivyokuwa akitazama mechi kwenye televisheni na kumtukana refa kwa lugha yao ya zamani. Solomon akamfundisha matusi machache ya Kikamba ili abaki na akiba. Elkanah, akikumbuka miaka hiyo leo, huona kwanza chumba kile: viatu mlangoni, nguo zimeanikwa kwenye kamba juu ya vichwa vyao, na watu wazima watatu wakicheka mpaka jirani Mbengali anagonga ukuta.

*

Mwezi wa Februari 2015 walialikwa Jeddah. Waairishi wa huko nao walikuwa na timu, yenye wahandisi wakubwa wa miili na madaktari wawili, na walikuwa hawajawahi kufungwa na Riyadh. Sista Grania aliomba basi, kampuni ikakubali, na dereva akajulikana.

Waliondoka Alhamisi alfajiri. Nchi ilikuwa tambarare kutwa nzima, hadi mchanga ulipoanza kuinuka kuwa milima upande wa Taif. Kwenye mteremko wa Al-Hada, barabara ikipinda na kupinda kuelekea bondeni, nyani walikuwa wameketi juu ya kingo za saruji wakingojea kutupiwa ndizi. Elkanah alipunguza mwendo. Miaka minne hakuwa ameona nyani barabarani. Alijikuta anaongea nao kwa Kibukusu, akiwauliza habari za kwao, na Donakha aliyekaa nyuma yake akauliza kama wamemjibu.

"Wanasema mahindi ya mwaka huu ni mazuri."

Chini ya mlima walifuata barabara inayopita kando ya Makka, ile ya wasio Waislamu, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama wakaingia Jeddah, hewa nzito yenye chumvi, shati linashika mgongo.

Mechi ilikuwa asubuhi ya Ijumaa katika kampaundi kaskazini mwa mji. Nahodha wa Jeddah, daktari mwenye ndevu, alimtazama Elkanah akivaa helmeti.

"Huyu ni Mwairishi wa wapi?"

"Muulize jina lake," akasema Sista Grania. "Akikutajia, jaribu kulisema."

Daktari alijaribu Mukhwana, akaliweza, akacheka na kumpa mkono.

Elkanah hakuwahi kucheza vizuri kama alivyocheza asubuhi ile. Jasho lilimwingia machoni, nyasi zilikuwa na unyevu, mpira ulikuja kwa kasi ambayo hakuwa ameiona Riyadh, naye aliuzuia kwa fimbo, kwa mkono, kwa bega, mara moja kwa wavu wa helmeti hadi kengele zikalia kichwani. Mbele, Donakha alikuwa anafunga kutoka mbali. Kisha katika kipindi cha pili walipata mpigo wa adhabu mbele kabisa ya goli. Donakha aliuinua mpira, akapiga, ukapita nje ya mlingoti kwa upana wa kiganja. Alisimama pale akitazama chini.

Kutoka upande wa pili wa uwanja Elkanah alipaza sauti, kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza kilikuwa kimemtoroka: "Donakha! Rudi kazini! Hakuna aliyekufa!"

Hakuna aliyeelewa ila neno la jina, lakini kijana aliinua kichwa. Mpigo uliofuata, wa karibu vilevile, aliupeleka juu ya mwamba, katikati. Na mwingine. Riyadh ikaongoza kwa pointi moja, na mchezo ukabaki na pumzi chache.

Ndipo mpira mmoja mwepesi, uliopigwa vibaya na mhandisi aliyechoka, ukaja chini chini kuelekea Elkanah. Angeweza kuusimamisha akiwa amefumba macho. Aliinama, akaweka fimbo, akawa ameshaanza kufikiria atampigia nani. Mpira uliruka juu ya kibonge cha nyasi na kupita katikati ya miguu yake. Goli. Filimbi ikalia muda mfupi baadaye.

Watu wa Jeddah walirukiana. Wenzake walikuja wakampiga begani, mmoja mmoja, na kusema maneno mema, ambayo aliyasikia kama mtu aliye chini ya maji. Jioni walikaribishwa chakula ufukweni, Elkanah akasema anachunga basi.

*

Safari ya kurudi, asubuhi ya Jumamosi, wote walipanda kimya. Kila mtu alikuwa amechoka na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuongea. Elkanah alitazama barabara. Walikuwa hawajafika mlimani Donakha alipotoka nyuma na kuja kuketi kwenye kile kiti kidogo cha kukunja kando ya dereva.

"Nilikuwa na miaka kumi na minane," akaanza bila kuulizwa. "Fainali ya vijana, kabla hawajaniacha. Tuko nyuma kwa pointi moja, mpigo wa adhabu uko mbele ya goli, bibi yangu angeupiga. Nikaukosa."

Elkanah alibadilisha gia.

"Watu hudhani nililia kwa sababu ya kukosa. Sikulia. Tulipanda basi, saa mbili hadi nyumbani, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniongelesha. Hawakuwa na hasira. Hawakujua waseme nini. Baba yake rafiki yangu alikuwa ndiye dereva, hata yeye alinyamaza. Niliposhuka nilikuwa mtu mwingine. Miaka yote hii mimi napiga mpira nikiwa ndani ya lile basi."

Nyani walikuwa pale pale kwenye kingo. Basi lilipanda likinguruma.

"Kwa hiyo leo utanisamehe," Donakha akasema, "nitaongea hadi Riyadh."

Na kweli aliongea. Alisimulia ng'ombe wa baba yake walioingia kanisani wakati wa harusi. Alimwigiza daktari mwenye ndevu. Alisimulia lile goli lenyewe, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, jinsi mpira ulivyoomba njia na kipa Mukhwana, mtu mwungwana kutoka Kimilili, akaupisha. Nyuma mtu alicheka, akajizuia. Elkanah alijaribu kukaza uso. Kisha bega lake likaanza kutetemeka, na machozi yakamtoka, hakujua ni ya kicheko au ya nini, ikabidi asimamishe basi kando ya barabara. Sista Grania alimletea maji. Walikaa pale dakika kadhaa, basi zima likicheka katikati ya jangwa, magari ya watu wengine yakipita kwa honi.

Baadaye alimsimulia Jerioth kwa simu, naye akasema, "Huyo kijana mamake alimlea."

*

Daktari mwenye ndevu alitoka kaunti moja na Donakha. Hakulitaja hilo siku ya mechi, lakini alikuwa na ndugu aliyefahamiana na makocha wa kaunti, na aliandika kwamba jangwani kuna mpigaji wao aliyepotea. Mwezi wa Mei simu ilikuja: arudi, ajaribiwe na timu ya wakubwa majira ya baridi, bila ahadi.

Donakha alisitasita. Shule ilitaka aongeze mkataba. Aliogopa pia, na alikiri hivyo, ameketi juu ya ile ndoo ya Solomon.

"Nikirudi na wakaniacha tena?"

"Utakuwa umeachwa na wakubwa," Solomon akasema. "Hiyo ni promosheni."

Kibali cha kutoka kilipopatikana, Elkanah ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Waliagana mlangoni, kwa haraka, kwa kuwa askari alikuwa anapigia mabasi filimbi yasogee.

"Nikikuona hapa mwaka ujao," Elkanah akamwambia, "nitakuacha utembee kwa miguu hadi mjini."

"Sawa, ndugu," Donakha akajibu kwa Kiswahili, akaingia na mfuko wake mrefu.

Mwaka huohuo kampuni ya mabasi ilipunguza watu. Elkanah alibahatika: kafili mwingine, yaani mwajiri mdhamini, alikubali kuihamishia kwake ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, akaenda Jeddah kuendesha trela za makontena kutoka bandarini. Alipata kitanda Al-Baghdadiyah, katika nyumba kuukuu yenye ngazi zilizolika katikati, na jioni upepo wa bahari ulipanda hadi juu ya paa walikolala wakati wa joto. Ijumaa alikwenda kudakia wale wale waliomfunga. Daktari alimpokea kwa mikono miwili.

Habari za Donakha zilikuja kwa simu, vipande vipande. Mazoezi ya Januari kwenye matope hadi vifundoni. Amebakizwa kwenye kikosi, hajaamini. Amevunjika kidole. Amepona. Amekaa benchi mechi nzima, mvua inanyesha, mama yake yuko jukwaani na mwavuli. Amekaa benchi tena. Elkanah alimjibu kila mara, na kila mara alisema neno lilelile: rudi kazini.

Kisha Jumapili moja ya Juni 2016, Sista Grania alituma ujumbe kutoka Riyadh: mechi inaonyeshwa kwenye mtandao, huenda akaingia.

Elkanah alikuwa kwenye foleni ya malori nje ya lango la bandari, alasiri, jua la pembeni linachoma kioo. Aliiegemeza simu kwenye usukani. Dereva wa trela ya nyuma, Mpakistani aliyeitwa Bashir, alishuka kunyoosha miguu, akasikia kelele za uwanja, akapanda kwenye ngazi ya kebini.

"Hoki?" akauliza, macho yamemng'aa.

"Ndugu yake. Yule pale kwenye benchi, mwenye masikio, ni rafiki yangu."

Bashir alimtazama kama mtu anayeongopewa, lakini akabaki. Picha ilikatika, ikarudi. Dakika zikaenda. Halafu kamera ikaonyesha mtu akivua koti la mvua, mrefu, mwembamba, akifunga kamba ya helmeti, na Elkanah akapiga kelele ambayo iliwageuza madereva wa foleni nzima. Donakha aliingia. Aligusa mpira mara moja, akaupoteza. Akagusa tena, akasukumwa, refa akapuliza. Mpigo wa adhabu, karibu, mbele ya goli. Mpigaji wao wa kawaida alikuwa ameshatoka. Donakha akauweka mpira chini.

Na hapohapo foleni ikasogea.

Nyuma malori yakaanza kupiga honi. Askari wa lango alimwashiria kwa hasira, yalla, yalla. Elkanah alimtupia Bashir simu, akaondoa breki, trela ikaanza kusogea. Bashir alikuwa ameshuka, akikimbia kando ya kebini kwa makubazi yake, simu ameishika mbele ya uso, akikwepa magurudumu.

"Amefanya nini?" Elkanah akapiga kelele dirishani. "Bashir! Amefanya nini?"

"Juu!" Mpakistani akajibu kwa Kiarabu, kwa huzuni ya mtu anayeleta habari mbaya. "Umekwenda juu! Foug, foug!"

Elkanah akazidi kuinama nje. "Katikati ya milingoti?"

"Katikati, lakini juu!"

Elkanah akaegemea honi ya trela kwa mikono yote miwili na kuiacha ilie hadi langoni. Askari alidhani imeharibika.

*

Donakha alichezea kaunti yake misimu mitatu. Hawakushinda kombe. Mwaka wa pili alikuwa mpigaji wao wa kwanza, na kuna mechi moja ya mvua ambayo watu wa kwao bado wanaisimulia. Halafu goti likakataa, akarudi kwenye klabu ya kijijini na kazi ya kufundisha. Alimwambia Elkanah hayo yote kwa sauti tulivu, huku mtoto wake mchanga akilia nyuma.

Elkanah alirudi Kimilili mwaka 2018. Siku hizi anaendesha basi la shule ya wasichana, na Jerioth ana duka la vyakula karibu na soko. Kampaundi ile ya Riyadh, alisikia, juu ya nyasi zake zimejengwa nyumba. Sista Grania yuko Australia. Daktari amestaafu. Solomon alibaki Al-Suwaidi, na akipiga simu hupiga Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Wasichana wa shule humuuliza wakati mwingine, wakiwa njiani kwenda kwenye mashindano, kama ni kweli alichezea timu ya Ayalandi. Elkanah huwaambia hapana, alidakia tu wauguzi na walimu waliokuwa mbali na kwao. Kisha husimulia, mkono mmoja kwenye usukani, na ikifika sehemu ya mpira uliopita katikati ya miguu hupunguza mwendo kidogo ili wote walio nyuma wasikie vizuri.